Ukichomwa, Utafufuka na Nini?

Kila matanga hapa Thika yana yule mjomba. Mtu akitaja tu mambo ya kuchoma maiti, mjomba anasimama, anavua kofia, anauliza: sasa huyo siku ya kiyama atafufuka na nini? Watu wanatikisa vichwa, kamati inarudi kuhesabu pesa za jeneza na basi la kwenda ushago, mjadala umekufa hapo. Hakuna mtu hujibu.

Mimi leo nataka kujibu. Sitajibu kama mhubiri kwa sababu mimi si mhubiri, wala kama profesa kwa sababu chuo nilitoka mwaka wa pili. Lakini vitabu havikuulizi uko mwaka wa ngapi. Na hili swali la mjomba, nikwambie, ni swali kubwa kuliko anavyojua mwenyewe.

Tuanze karibu na nyumbani. Mwaka 2002, Mary Kuria, mke wa Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana, alichomwa kule Kariokor, Nairobi. Nchi ikashtuka. Wahindi walikuwa wamechoma wapendwa wao hapo miaka na mikaka na hakuna mtu alishangaa. Lakini Mkikuyu? Mkristo? Mke wa askofu? Miaka mitatu baadaye, 2005, mzee Kuria mwenyewe akaaga, na yeye pia akachomwa. Huyu ndiye aliyeliongoza kanisa lake kuanzia 1980 hadi 1994, mtu ambaye lazima alikuwa amesimama kando ya makaburi mengi sana akisoma maneno ya ufufuo. Kama kuna Mkenya alikuwa amefikiria hili jambo, ni yeye. Baadaye wakafuata Wangari Maathai 2011, Kenneth Matiba 2018, Bob Collymore 2019. Na kila mara, swali ni lile lile la mjomba.

Sasa kitu ambacho mjomba hajui ni kwamba swali lake limekuwako zaidi ya miaka 1800, na watu wa kwanza kulitumia kama silaha hawakuwa Wakristo. Walikuwa wanaua Wakristo.

Ni mwaka 177, mji wa Lyon, sehemu ambayo leo ni Ufaransa. Kuna msako mkali. Wakristo wanakamatwa, wanateswa, wengine wanatupiwa wanyama mbele ya umati. Stori yenyewe tunaipata kwa barua ya manusura, ambayo mwanahistoria Eusebio aliihifadhi. Baada ya kuuawa, miili yao haikuruhusiwa kuzikwa. Iliachwa nje siku sita, askari wakilinda. Kisha ikachomwa mpaka ikawa jivu, na jivu likafagiwa hadi kwenye mto Rhône. Sababu? Barua inasema wauaji walitaka kuwanyima tumaini la kufufuka. Hawa watu si wanajifanya hawaogopi kifo kwa sababu ati watafufuka? Haya, tuone watafufukaje wakiwa jivu ndani ya mto.

Soma tena hiyo. Hoja ya mjomba, neno kwa neno, ni hoja ya wale waliowachoma mashahidi. Na waliobaki Lyon hawakusema, “Kweli, hawa wenzetu wamepotea, hawatafufuka tena.” Waliandika barua kuwasifu kama mashujaa.

Kwa hivyo Wakristo wa mwanzo walikuwa wanaamini nini haswa? Hapa ndipo mambo huwa matamu, kwa sababu hawakuwa na jibu moja.

Maandishi ya zamani kabisa tuliyo nayo ni barua za Paulo. Kuna barua kwa Wathesalonike, ya karibu mwaka 50, na wengi wa wasomi wanasema hiyo ndiyo ya kwanza kati ya zile zilizobaki. Ukiisoma polepole unagundua tatizo la wale watu halikuwa jivu wala mifupa. Walitarajia Yesu arudi wakiwa bado hai. Halafu wenzao wakaanza kufa. Wakashikwa na wasiwasi: hawa waliotangulia wamekosa sherehe ama? Paulo anawaambia hapana, wafu hawajaachwa nyuma, wao ndio watatangulia.

Miaka michache baadaye, karibu 54, anaandika Korintho, na huko tatizo ni lingine. Korintho ni mji wa bandari, pesa, watu wa kila aina, umejengwa upya na Warumi. Baadhi ya waumini wanaambiana hakuna kufufuka kwa wafu. Kwa mtu aliyelelewa na mawazo ya Kigiriki, roho kuendelea kuishi ni sawa, lakini maiti kuamka? Hiyo ni ushamba, na inatisha pia. Paulo anajibu kwa mfano wa shambani: mbegu. Unachopanda sicho kinachoota. Punje inaoza, mmea unatokea, na bado ni mahindi yale yale. Halafu anasema kuna mwili wa asili na kuna mwili wa roho.

Mwili wa roho. Hayo maneno yamewapa wasomi kazi mpaka leo. Mwaka 1995 Mmarekani Dale Martin aliandika kwamba lazima tumsome Paulo na masikio ya watu wa wakati ule. Kwao roho haikuwa kitu kisichoshikika, ilikuwa kama hewa nyororo sana, kitu halisi, kile kinachotengeneza nyota. Kwa hivyo Paulo anasema nyama na damu zitabaki nyuma na mtu atakuwa na mwili wa kitu bora zaidi. Miaka minane baadaye, 2003, Mwingereza N. T. Wright akatoa kitabu kinene kuliko tofali akipinga usomaji wa aina hiyo. Kwake, Paulo hazungumzii mwili umetengenezwa na nini, anazungumzia unaendeshwa na nini. Mimi nikieleza kwa lugha ya mtaa: jiko la makaa halijatengenezwa kwa makaa, linawaka kwa makaa. Mwili wa roho ni mwili, tena mwili kamili, ila kinachouwasha ni Roho wa Mungu.

Mimi namwona Wright ana nguvu kwenye Kigiriki, na Martin ana nguvu kwenye kujua Wakorintho wenyewe walisikia nini. Lakini cheki jambo moja: kwa usomaji wowote kati ya hizo mbili, Paulo hasemi popote kwamba Mungu atahitaji mifupa yako ikiwa imepangwa vizuri ndani ya jeneza.

Na hata neno lenyewe linatusaidia. Kwa Kigiriki ni anastasis, maana yake kusimama, kuinuka. Biblia yetu ya Kiswahili ile ya zamani mara nyingine husema kiyama, na kiyama ni neno la Kiarabu ambalo pia mzizi wake ni kusimama. Sisi huku mtaani tumelifanya kiyama kuwa moto na vurugu, kumbe mzizi wake ni mtu aliyelala ameinuka.

Baada ya mitume ndipo vita vya nyama vilianza. Kulikuwa na Wakristo waliosema ufufuo umeshatokea, ndani yako, siku ulipopata kuelewa. Barua ya pili kwa Timotheo inawataja wawili kwa majina na kuwakemea. Mwaka 1945 kule Nag Hammadi, Misri, wakulima walifukua maandishi ya zamani yaliyokuwa yamefichwa, na moja ni barua kwa mtu anayeitwa Rheginos inayofundisha kitu karibu na hicho hicho. Upande wa pili wakasimama watu kama Tertuliano wa Karthago, Tunisia ya leo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 3 aliandika kitabu kizima kutetea kwamba nyama hii hii ndiyo itafufuliwa. Hoja yake ilikuwa ya haki: nyama ndiyo ilifunga, nyama ndiyo ilichapwa, nyama ndiyo ilitupiwa simba. Utailipaje roho peke yake kwa kazi iliyofanywa na wawili?

Mimi hiyo hoja hunigusa. Kwa sababu ni hoja ya mtu ambaye ameona miili ikiteswa.

Lakini ukishasema ni nyama hii hii, unaingia kwenye shida ya wazi, na wapinzani waliiona mara moja. Mtu amezama baharini. Samaki wamemla. Wavuvi wamekula samaki. Sasa ile nyama ni ya nani siku ya kiyama? Usicheke, hili liliandikiwa kitabu, kile kinachohusishwa na Athenagora, na mwanahistoria Caroline Walker Bynum alionyesha, katika kitabu chake cha 1995, jinsi hofu ya kuliwa na kuoza ilivyowasumbua Wakristo kwa karne nyingi.

Na sisi watu wa huku Kiambu tunafaa kuisikia hiyo kwa karibu. Kabla ya wamisheni, Wakikuyu wengi hawakuzikwa. Ni wazee wachache, wenye mali na heshima yao, waliowekwa kaburini. Wengine wote walipelekwa porini, na fisi akafanya kazi yake. Haikuwa ukatili, ndivyo watu walivyojikinga na unajisi wa maiti. Kaburi na jeneza na shela la maua, vitu tunavyoviita mila zetu siku hizi, vilisukumwa na kanisa pamoja na serikali ya kikoloni. Kwa hivyo mjomba akisema kuchoma maiti si mila zetu, yuko sawa, ila na kuzika kila mtu pia hakukuwa mila zetu. Na akisema asiyezikwa hafufuki, amewafungia nje karibu ukoo wake wote, kuanzia babu wa babu yake kurudi nyuma.

Mwafrika mwingine alijaribu kutoka kwenye huu mtego karne hiyo hiyo ya 3. Origene wa Aleksandria. Huyu kwangu ndiye kichwa kuliko wote. Alisema hivi: hata ukiwa hai, mwili wako si kitu kimoja kilichotulia. Unakula, unatoka jasho, unabadilika, uko kama mto. Simama kwenye daraja la Chania pale karibu na Blue Posts. Maji unayoyaona leo si ya jana, yale ya jana yako mbali sana kwenye njia ya kwenda Tana. Lakini bado unasema hii ni Chania, na uko sawa. Kuna umbo linalobaki. Basi kwa Origene, kinachofufuka ni lile umbo linalokufanya wewe kuwa wewe, si kila chembe iliyowahi kupita ndani yako. Kwa hesabu hiyo fisi, samaki na moto havina kesi na Mungu.

Hakupendwa kwa hilo. Methodio wa Olimpo alimshambulia kwa maandishi, na karibu miaka 300 baada ya kifo chake, mnamo 553, mafundisho yaliyohusishwa na jina lake yakalaaniwa Konstantinopoli. Upande wa nyama ukashinda. Kwa nini ulishinda? Elaine Pagels aliandika mwaka 1979 kwamba siasa ilikuwemo: kama Yesu alionekana kwa mwili na watu fulani, wakati fulani, basi mamlaka ni ya hao watu na maaskofu waliowarithi, hakuna mtu atakuja na maono yake ya usiku kuanzisha kanisa lake. Ukiangalia idadi ya mitume na manabii walio na vipaza sauti kati ya hapa Kamenu na stendi ya mjini, unaelewa hao maaskofu walikuwa wanaogopa nini.

Lakini hata walioshinda hawakusema anachosema mjomba. Agostino wa Hippo, Algeria ya leo, aliamini kufufuka kwa nyama mpaka akajadili kucha na nywele zitarudi aje. Mtu huyo huyo aliandika, baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410 na maiti kubaki bila kuzikwa, kwamba kukosa kaburi hakumdhuru Mkristo kitu. Mazishi, alisema, ni faraja ya walio hai. Nao Wakatoliki, waliokuwa wamekataza kuchoma maiti, waliruhusu mwaka 1963, kwa sharti kwamba usifanye hivyo kwa kuukana ufufuo.

1963. Mwaka wa uhuru. Na mwaka huo huo kuna kijana wa Kitui alimaliza udaktari wake Cambridge juu ya hili hili jambo, na sijui kwa nini hatufundishwi jina lake kama tunavyofundishwa majina ya wanasiasa.

John Mbiti. Alizaliwa 1931 Mulango, Kitui, akasoma Alliance, akaenda Makerere, kisha Marekani, kisha Uingereza. Ukipanda matatu za barabara ya Garissa hapa Thika, ukipita Kilimambogo na Matuu, unaelekea kwao. Utafiti wake ulitoka kama kitabu mwaka 1971, na swali lake lilikuwa tofauti na la Wazungu wote niliowataja. Hakuuliza tu Paulo alimaanisha nini. Aliuliza: wamisheni wa Africa Inland Mission walipowahubiria Wakamba habari za mwisho wa dunia, Wakamba walisikia nini?

Akachambua vitenzi vya Kikamba na akasema wakati, kwa mababu, haukuwa mstari mrefu unaokwenda mbele. Kulikuwa na yaliyopo na yaliyo karibu, na kulikuwa na bahari kubwa ya yaliyopita. Mbele kulikuwa kufupi, miezi, labda miaka miwili. Kwenye kitabu chake kilichompa jina, cha 1969, Kiingereza kilimshinda kulieleza hilo, akachukua maneno mawili ya Kiswahili na kuyaacha hivyo hivyo: Sasa na Zamani. Maprofesa dunia nzima ikabidi wajifunze kutamka Zamani. Mtu akifa, anasema Mbiti, hatoki mara moja kwenye Sasa. Maadamu kuna mtu anamkumbuka kwa jina, vizazi vinne au vitano, yeye ni mfu aliye hai. Wakamba waliwaita aimu. Baadaye, wa mwisho kumkumbuka akishaenda, anazama Zamani.

Sasa mmisheni anakuja na mbingu iliyo mbele, mji wa dhahabu, moto wa jehanamu, na Yesu anarudi. Mbele iko wapi kwa mtu ambaye mbele yake ni miaka miwili? Basi anaelewa jambo moja: Yesu anakuja sasa hivi, kabla sijafa. Mbiti alisema wamisheni waliuza picha kama vitu halisi. Moto, mji, hazina, karamu, vyote vikachukuliwa kama ramani ya mahali. Yeye akarudi kwenye Agano Jipya na kusema kiini si tarehe wala mahali, kiini ni Kristo mwenyewe, na ufufuo si tukio la mtu mmoja mmoja akitoka kwenye shimo lake. Ni la pamoja. Watu wanainuka kama mwili mmoja.

Na usione hii kama stori ya maktaba. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Kesi ilifika kortini, kwa hivyo siamui lolote. Lakini upande wa mashtaka ulisema watu waliambiwa wafunge chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Onyo la Mbiti kuhusu mbingu inayohubiriwa kama ramani na ratiba lilikuwa limechapishwa miaka 52 kabla.

Alipigwa pia, tena vizuri. Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia yeye na wenzake kwa kumvalisha Mungu wa Kiafrika nguo za Kigiriki. Kwame Gyekye wa Ghana alisema si kweli kwamba Waafrika wote hawana wakati ujao, kwao Waakan wanao. Hapo mimi niko na Gyekye. Huwezi kuchukua vitenzi vya Kikamba ukaamua habari ya bara zima, na mtu anayepanda miti ya wajukuu anajua mbele ni mbali. Aliyempiga zaidi ni Mnigeria Byang Kato, ambaye alifanya kazi Nairobi akiwaongoza wainjili wa Afrika. Kitabu chake cha 1975, kilichochapishwa Kisumu, kilimshtaki Mbiti kwamba anafungua mlango kila mtu aokoke mwishowe, na kwamba akizigeuza jehanamu na mbingu kuwa picha tu, hakuna kitakachobaki cha kuhubiri. Kato alizama baharini Mombasa Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 39. Hawakupata muda wa kumalizana.

Kato alikuwa na pointi. Ukigeuza kila kitu kuwa picha, mama aliyezika mtoto utamwambia nini? Picha haimfuti mtu machozi. Lakini swali hilo hilo naligeuzia mjomba. Kuna jirani yetu hapa ploti, mzee mpole, alisema wazi mbele ya watoto wake kwamba hataki wakope pesa wamzike, wamchome wamalize. Alipokufa, watu wa ukoo walikuja na swali la kiyama, watoto wakaogopa. Mkopo ulichukuliwa. Msichana wa mwisho hakurudi shule muhula uliofuata. Hakuna mtu pale alikuwa mbaya. Waliogopa tu kumfungia baba yao nje ya mbingu.

Wangekuwa wamesikia habari za Lyon, labda wangemjibu mtu.

Mbiti aliishi miaka yake ya mwisho Uswisi, mchungaji na mwalimu. Akiwa na zaidi ya miaka 80, 2014, ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya mwenyewe moja kwa moja kutoka Kigiriki. Yaani baada ya kubishana nusu karne na maprofesa, alikaa chini na sura ya 15 ya barua kwa Wakorintho, mbegu na mwili wa asili na mwili wa roho, akatafuta neno ambalo mama wa Mulango angelielewa bila mmisheni kusimama katikati. Alifariki 2019.